Kufundisha ufupisho: kutoka wazo kuu hadi nakala safi

Ufupisho una alama 15 katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili (102/2) ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya. Wanafunzi wengi huzipoteza kwa sababu moja: wanaanza kuhesabu maneno kabla hawajajua kifungu kinasema nini. Wanaokota sentensi hapa na pale, wanazishona, basi. Dawa ni kutenganisha kazi tatu: kutafuta wazo kuu, kulisema upya, kisha kufupisha. Tenga vipindi viwili vya dakika 40, na uandike aya hii ubaoni:

"Mikoko huota mahali ambapo maji ya mto na maji ya bahari hukutana. Mizizi yake iliyosukana kama wavu huvunja nguvu za mawimbi, hivyo ardhi ya pwani hailiki ovyo. Isitoshe, samaki, kaa na kamba wachanga hupata chakula na maficho katikati ya mizizi hiyo. Wavuvi wa Lamu, Kilifi na Kwale wanalijua hilo vyema. Hata hivyo, miti hii hukatwa ili kupata boriti za kujengea na kuni za kupikia na kuchomea chokaa. Mahali ilipofyekwa, mawimbi hula ufuo na samaki huadimika."

Hayo ni maneno 75. Lengo ni ufupisho wa maneno 30 hadi 35, lakini usiwaambie idadi hiyo bado.

Hatua ya 1: Wazo kuu

Wasome mara mbili, kalamu zikiwa chini. Kisha uliza maswali mawili, kwa mpangilio huu: aya inazungumzia nini? Inasema nini kuhusu kitu hicho? Jibu la kwanza ni neno moja, mikoko. Jibu la pili lazima liwe sentensi kamili: mikoko huilinda pwani na viumbe vyake, lakini inakatwa. Hilo ndilo wazo kuu. Anayejibu "mikoko" na kuishia hapo ametaja mada tu.

Tarajia wengi wachague sentensi ya kwanza, kwa kuwa waliwahi kuambiwa kwamba wazo kuu hukaa mwanzoni. Hapa sentensi hiyo inaeleza tu mti unapoota. Ifute ubaoni, kisha waulize kama aya imepoteza uzito wake. Haijapoteza. Futa ile ya mizizi na mawimbi, na watalalamika wenyewe. Jaribio hili la kufuta hufundisha kuliko maelezo marefu.

Hatua ya 2: Matayarisho

Waorodheshe hoja kwa vifungu vifupi:

1. mizizi hupunguza mawimbi, pwani hulindwa
2. viumbe wachanga hupata chakula na hifadhi
3. miti hukatwa kwa ujenzi na kuni
4. ufuo humomonyoka, samaki hupungua

Majina ya kaunti yameachwa kwa sababu ni mifano. "Kama wavu" imeachwa kwa sababu ni tashbihi. "Samaki, kaa na kamba" wameingia chini ya neno moja, viumbe. Kila kinachoachwa, mwanafunzi aseme kwa nini. Asipoweza, huenda anaacha hoja.

Hatua ya 3: Kusema kwa maneno yao

Funika ubao. Wawili wawili, mmoja amweleze mwenzake hoja moja kwa mdomo, kisha aiandike jinsi alivyoisema. Kifungu kikiwa mbele ya macho, mkono utanakili tu.

Kosa kubwa hapa ni kubadilisha neno kwa neno. Mwanafunzi wa bara anayeijua kamba ya kufungia mbuzi pekee anaweza kuandika kwamba ugwe hupata chakula mikokoni! Kisawe hufuata maana ya neno ndani ya sentensi. Maneno ya msingi kama "mikoko" na "samaki" yabaki yalivyo. Kuyatafutia visawe ni kupoteza wakati.

Kinachopaswa kubadilika ni umbo la sentensi. "Mawimbi hula ufuo" inakuwa "mmomonyoko wa ufuo": kitenzi kimegeuka nomino. Mabadiliko ya namna hii huvuruga upatanisho wa kisarufi, kwa hiyo kagua viambishi papo hapo. Makosa ya sarufi na tahajia hukatwa alama hata hoja ikiwa sahihi.

Hatua ya 4: Kubana maneno

Sasa taja idadi. Kiswahili chenyewe kina nyenzo za kubana, nazo hazifundishwi vya kutosha:

"miti ambayo inakatwa" – "miti inayokatwa"
"katika shamba" – "shambani"
"wakati ambapo walifika" – "walipofika"
"kwa sababu ya ukame" – "kutokana na ukame"

Kila badiliko limeokoa neno moja au mawili bila kugusa maana. Wape sentensi kumi za namna hii kabla ya kurudi kwenye aya.

Jibu mojawapo:

"Mizizi ya mikoko hutuliza mawimbi, hulinda ufuo na huwapa viumbe wachanga wa baharini chakula na hifadhi. Hata hivyo, mikoko hukatwa kwa ajili ya ujenzi na kuni, jambo linalosababisha mmomonyoko na uhaba wa samaki."

Ni maneno 33, hoja zote nne zimo. "Hata hivyo" na "jambo linalosababisha" ndiyo yanayobeba mtiririko. Yaondoe maneno hayo na hoja zitabaki zimepangwa kama orodha ya sokoni, na alama ya mtiririko haitapatikana.

Kusahihisha

Anza na hoja: weka tiki juu ya kila moja. Kisha mtiririko, kisha lugha, mwisho idadi ya maneno. Aliyepitisha kiwango arudi kwenye nyenzo za Hatua ya 4 kabla ya kukata hoja yoyote. Aliyeandika maneno 20 tu arudi kwenye matayarisho, maana mara nyingi kuna hoja aliyoiona akaisahau alipokuwa akiandika nakala safi. Mwambie aweke alama kando ya kila hoja anapoihamisha.