Somo: Mteja wa chipsi arudi kesho na keshokutwa

Mteja wa chipsi huhama kibanda hata bei isipopanda, kwa sababu sahani ya leo si ya jana. Kwa hiyo anzia jikoni, kadi ya zawadi (muhuri kwa kila sahani iliyolipiwa, ikijaa moja bure) ifuate.

1. Kipimo. Bakuli moja la viazi, hilo hilo kwa kila mpishi, asubuhi na usiku.

2. Kaanga mara mbili. Osha viazi vilivyokatwa mpaka maji yatoke safi, kisha vikaushe. Mkaango wa kwanza ni nyuzi joto 150, dakika kama 5: viive bila kubadilika rangi. Vitoe vipoe. Oda ikija, virudishe kwenye nyuzi 180, dakika 2 hadi 3. Hapo foleni ya jioni inakwenda na chipsi zinatoka kavu. Karai likijaa viazi mno, mafuta hupoa na viazi huyanywa. Mafuta yakitoa povu na moshi mapema, yamwage. Kuongezea mapya juu ya machakavu ni hasara.

3. Za kubeba: acha mwanya mvuke utoke, kachumbari ifungwe peke yake.

4. Kadi. Tuseme sahani ni shilingi 2,000 na gharama yake 1,200. Ukitoa ya tisa bure, unagharamia 150 kwa kila moja ya zile nane zilizolipiwa. Chapisha kadi ya nafasi 10, gonga mihuri miwili siku ya kwanza. Utafiti wa Nunes na Drèze wa 2006, kwenye kuosha magari Marekani, ulionyesha kadi ya namna hii ilikamilishwa na wateja 34 kwa 100. Kadi ya nafasi 8 tupu, 19 tu, ingawa malipo yalikuwa sawa.

Maswali

*Mkuu, chipsi zangu zinakuwa kahawia kabla hazijaiva ndani. Shida mafuta?*
Huenda viazi vilikaa kwenye friji. Baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na sukari huungua upesi. Vihifadhi gizani, penye hewa.

*Gunia likipanda bei, nipunguze kipimo kidogo kidogo?*
Usithubutu, mteja wa kila siku ataona. Bandika bei mpya siku chache kabla, na uweke sahani ndogo kwa bei ya zamani, ukiiita ndogo.

*Anayesema kapoteza kadi?*
Weka daftari la namba za simu, kwa ridhaa yake, na uandike mihuri humo pia.