Kabla ya Kwenda Kambi ya Kuogelea ya Wanawake Kigoma Ukiwa Umevuka Miaka 55

Wanawake wengi waliokulia Ujiji, Katonga au Kibirizi waliwahi kuogelea utotoni. Walitumwa kuchota maji au kuosha vyombo, wakimaliza wanajitosa. Kisha ikaja ndoa, wakaja watoto, ikaja kazi, na ziwa likabaki la kutazamwa tu. Leo mama wa miaka 60 akisikia kuna kambi ya wanawake pekee ya kufundishwa kuogelea, moyo unamruka. Mimi namwambia aende. Ila kati ya wote watakaofika ufukweni siku hiyo, huyu aliyewahi kujua ndiye ninayemhofia zaidi. Asiyejua kabisa atakaa kwenye maji ya magoti mpaka aambiwe asogee. Aliyewahi kujua anakumbuka alivyokuwa akiufikia mtumbwi uliotia nanga, na mabega yake ya sasa hayana habari hiyo.

Kwa hiyo wakati wa kujiandikisha, eleza mwili ulio nao leo. Sema wazi, "Nilijua kuogelea nikiwa msichana, sijaingia majini kwa miaka 30." Jibu la namna hiyo humsaidia mwalimu kukupanga na wanaoanza upya, na hapo ndipo mahali pako kwa siku za mwanzo, hata kama binti wa miaka 25 anakupita akielekea kilindini. Taja pia presha, sukari, pumu, kifafa, operesheni ya macho na goti lililowahi kuvunjika. Usione haya. Mwalimu akijua kwamba mkono wako wa kulia haupandi juu ya bega, ataanza kwa kukufundisha kuelea chali badala ya kukulazimisha kurusha mikono. Mabega kukakamaa ni jambo la kawaida kwa wanawake wenye miaka 40 hadi 60.

Ziwa lenyewe nalo lina tabia zake. Tanganyika ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Kilindi chake kinafika takriban mita 1,470. Limekaa ndani ya bonde la ufa, na kingo zake sehemu nyingi zina mteremko mkali, hivyo maji ya kiunoni yanaweza kugeuka maji ya kukuzamisha kwa hatua chache tu. Uangavu wake unazidisha hatari hii, kwa sababu unaona mawe ya chini ukadhani yako karibu. Na kama uliwahi kujifunzia baharini, Tanga au Dar es Salaam, jua kwamba chumvi ndiyo iliyokuwa ikikubeba. Ziwani utaelea chini kidogo, na mguu ukilegea utausikia unazama.

Ndiyo maana kabla ya kulipa hela, uliza maswali haya bila kuona aibu. Mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Je, kuna mtu ambaye kazi yake ni kutazama na kuokoa tu, hafundishi? Kamba au maboya ya kuonyesha mwisho wa maji mafupi yapo? Majaketi ya kuokolea maisha yanatosha wote, na yapo ya saizi ya mama mnene? Wameulizia wavuvi na wenyeji kuhusu mamba katika ufukwe huo? Gari la kukimbiza mgonjwa Hospitali ya Maweni litakuwapo muda wote? Mwandaaji akikujibu kwa kucheka au kwa kusema "Mama, usiwe na wasiwasi," tafuta kambi nyingine.

Uliza pia habari ya faragha. Kambi kuitwa ya wanawake hakuzuii wanaume kupita ufukweni. Visehemu vya mchanga vya Jakobsen, karibu na Katonga, vimejitenga, lakini ni mahali pa wageni wote. Na simu je? Mimi ningetaka katazo la picha lisemwe siku ya kwanza mbele ya watu wote.

Nguo ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko vyote vya kubeba. Khanga ikilowa hujisokota miguuni, na dera huvimba maji likakuvuta. Kama unajisitiri, na wengi wetu tunajisitiri, mwone fundi cherehani mapema akushonee suruali na blauzi ya mikono mirefu kwa kitambaa cha jezi, vibane mwili kiasi, pamoja na kofia inayofunika nywele na shingo. Vijaribu kwanza bafuni vikiwa vimelowa. Mengine ni machache: viatu vya plastiki kwa ajili ya mawe, taulo mbili, miwani ya kuogelea, na kikopo chenye mfuniko kwa wenye meno ya bandia, maana yanavuliwa kabla ya kuingia majini.

Mwili uanze kuuandaa angalau mwezi mmoja kabla. Kaa kwenye kigoda, simama bila kushika kitu, rudia mara 10, pumzika, rudia tena. Panda kilima cha kutoka stesheni kwenda Mwanga kwa miguu, bila haraka. Na jaza beseni maji safi, vuta pumzi kwa mdomo, zamisha uso, toa pumzi yote kwa pua polepole. Zoezi hili la beseni lina thamani kubwa, kwa sababu kinachomchosha mtu mzima majini mara nyingi ni kubana pumzi kwa hofu, hata kabla mikono haijachoka.

Wenye presha na sukari waende kliniki kwanza. Majini mwili unabanwa na maji, na ukisimama ghafla ili utoke majini, damu hushukia miguuni, kichwa kikazunguka, hasa kwa anayetumia dawa za presha. Panga tangu sasa kwamba utakaa kidogo kwenye maji mafupi kabla ya kusimama. Kuogelea hushusha sukari, basi beba juisi au pipi na umwonyeshe mwenzako ilipo. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, na ugali na migebuka visubiri mpaka baada ya mazoezi.

Ukitokea Tabora kwa treni, fika siku moja kabla. Miguu iliyovimba kwa kukaa safari nzima haifai kuingizwa majini asubuhi ileile. Kuhusu msimu, miezi ya Mei hadi Septemba huwa na mvua chache lakini upepo wa kusi huleta mawimbi, kwa hiyo chagua kambi inayofundisha asubuhi. Msimu wa mvua, ngurumo ikisikika tu, kila mtu atoke.

Limebaki suala la kichocho. Konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, hivyo kambi iliyo kwenye mchanga au mawe wazi ni afadhali, ingawa haikuondolei hatari yote. Jifute vizuri kila unapotoka. Kabla hujaondoka nyumbani, andika kwenye kalenda tarehe ya kwenda kupima, wiki 6 hadi 8 baada ya kambi, kwa kuwa dawa yake huua minyoo iliyokwisha kukomaa. Ukifika kliniki mwambie daktari tarehe uliyotoka majini mara ya mwisho.