Jinsi ya kupima kama tukio katika vita vya ndani ni uhalifu wa kivita

Majarada mengi ya uhalifu wa kivita huandikwa kuanzia mwisho. Mtayarishaji huanza na maiti, akaeleza walivyouawa, kisha kwenye ukurasa wa mwisho akakumbuka kutaja kwamba palikuwa na vita. Majaji husoma kwa mpangilio mwingine: vita kwanza, halafu kosa, halafu kiungo kati ya kosa na vita, na mshtakiwa mwishoni. Kuua, kubaka na kupora ni makosa hata siku za amani. Kinachoyafanya yawe uhalifu wa kivita ni vita vyenyewe, na hivyo navyo vina masharti yake.

Anza kwa kuthibitisha vita

Kipimo kinachotumika hadi leo kilitolewa tarehe 2 Oktoba 1995 na majaji wa rufani wa mahakama ya Yugoslavia ya zamani, katika kesi ya Duško Tadić. Vita vya ndani vipo pale panapokuwa na mapigano ya silaha ya muda mrefu kati ya serikali na makundi yenye silaha yaliyojipanga, au kati ya makundi hayo yenyewe kwa yenyewe. Hapo yanapatikana mambo mawili ya kuthibitisha, ukali wa mapigano na mpangilio wa kundi. Kila moja lifungulie faili lake, kwa sababu ushahidi wa moja mara nyingi hausaidii lingine.

Kwa ukali, tengeneza jedwali moja la tarehe. Kila mstari uwe na siku, mahali, pande zilizopigana, saa au siku pambano lilizodumu, silaha zilizotumika, waliokufa na kujeruhiwa, nyumba zilizoharibiwa na watu waliokimbia. Ongeza safu ya kuonyesha ni nani serikali ilimtuma: polisi, au jeshi lenye mizinga na ndege. Maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa nayo yaingie humo. Hakuna idadi ya maiti ambayo ikifikiwa vita huhesabiwa vimeanza. Majaji huangalia viashiria vyote kwa pamoja, kwa hiyo jedwali lenye mistari arobaini ya mapambano madogo linaweza kuwa na uzito kuliko maelezo marefu ya pambano moja kubwa.

Kwa mpangilio wa kundi, tafuta vitu vinavyoshikika: ngazi za amri, makao makuu, kanuni za nidhamu na mifano ya waliozivunja wakaadhibiwa, mafunzo ya askari wapya, njia za kupata silaha, msemaji mmoja, saini kwenye mkataba wa kusitisha mapigano. Kundi linaloweza kuahidi kusitisha mapigano na wapiganaji wake wakatii limekurahisishia nusu ya kazi.

Hapa wengi hujitwika mzigo usio wao. Hudhani lazima kundi liwe limeshika eneo. Sharti hilo limo katika Itifaki ya Pili ya Nyongeza ya 1977 (nyongeza ya Mikataba ya Geneva kuhusu vita vya ndani), ambayo pia hudai upande mmoja uwe jeshi la serikali. Ibara ya 3 inayopatikana katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949 haidai hivyo, wala ibara ya 8(2)(f) ya Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC). Katika hukumu ya Machi 2012 dhidi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi lenye silaha la Ituri, mashariki mwa Kongo, majaji wa ICC walisema kwamba kushika eneo si sharti.

Kinyume chake, usilazimishe vita mahali visipokuwepo. Ibara ya 8(2)(d) na (f) za Mkataba wa Roma zinaondoa ghasia, fujo na matukio ya ukatili ya hapa na pale. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,000, lakini mashtaka yaliyofika ICC yalikuwa ya uhalifu dhidi ya ubinadamu, si uhalifu wa kivita. Uhalifu dhidi ya ubinadamu hauhitaji vita; unahitaji mashambulizi mapana au ya kimfumo dhidi ya raia. Faili la vita likiwa jepesi, huko ndiko pa kugeukia, na kufanya hivyo si kushindwa.

Je, kuna jeshi la nchi nyingine?

Nchi ya nje ikiingia upande wa waasi, vita vinaweza kuwa vya kimataifa, na orodha ya makosa ikabadilika. Swali ni kama nchi hiyo ilikuwa na udhibiti wa jumla juu ya kundi: ililipatia fedha na silaha tu, au pia ilishiriki kupanga na kuratibu operesheni zake? Kutoa silaha peke yake hakutoshi. Katika kesi ya Lubanga, majaji wa hatua ya awali waliona mwaka 2007 kwamba sehemu ya mgogoro wa Ituri ilikuwa ya kimataifa kwa sababu ya Uganda. Waliosikiliza kesi yenyewe wakasema mgogoro uliohusu mashtaka yale ulikuwa wa ndani. Andika basi shtaka la msingi na la mbadala. Kumbuka pia kwamba vita vya aina zote mbili vinaweza kuendelea katika eneo moja kwa wakati mmoja.

Tafuta kosa kwenye orodha, na ujue mapengo yake

Makosa ya vita vya ndani yako mahali pawili. Ibara ya 8(2)(c) inalinda watu wasioshiriki mapigano, wakiwemo waliosalimu amri, wagonjwa, majeruhi na waliokamatwa: kuwaua, kuwatesa, kuwadhalilisha, kuwachukua mateka, au kuwahukumu na kuwanyonga bila mahakama halali. Ibara ya 8(2)(e) inahusu namna ya kupigana: kushambulia raia kwa makusudi, kupora, ubakaji na utumwa wa kingono, kutumia watoto chini ya miaka 15, kuhamisha raia, kushambulia hospitali na majengo ya dini au ya kihistoria. Kwa kosa hilo la mwisho Ahmad al-Faqi al-Mahdi alifungwa miaka 9 mwaka 2016, kwa kubomoa makaburi ya kihistoria ya Timbuktu, Mali.

Sasa mapengo. Shambulio lenye madhara kwa raia yanayozidi mno manufaa ya kijeshi limo kwenye orodha ya vita vya kimataifa; kwenye orodha ya vita vya ndani halimo. Hali ni hiyo hiyo kwa kutumia raia kama ngao, na kwa kushambulia mali za kiraia kwa jumla. Mtu akinakili shtaka kutoka orodha isiyo yake, linaanguka kabla shahidi hajaapishwa. Njia iliyopo ni kutafuta kosa la jirani linaloendana na ushahidi. Kama raia wenyewe ndio walikuwa shabaha, tumia 8(2)(e)(i). Kama nyumba za upande wa pili zilichomwa bila ulazima wa kijeshi, tumia (xii). Waliofungwa kama ngao wanaweza kuingia chini ya ukatili au udhalilishaji katika 8(2)(c). Kuwanyima raia chakula kama mbinu ya vita kuliongezwa kwa vita vya ndani Desemba 2019, lakini marekebisho hayo hayagusi nchi mwanachama isiyoyaridhia. Kagua tarehe ya kuridhia kabla ya kuandika neno lolote.

Uporaji unahitaji uangalifu wa pekee. Vipengele vya Makosa, waraka wa ICC unaofafanua kila kosa, vinataka mali iwe imechukuliwa kwa matumizi binafsi, na kilichochukuliwa kwa ulazima wa kijeshi hakihesabiwi. Usimwulize shahidi tu nini kiliibwa. Uliza kilikwenda wapi. Dawa zilizotumika siku ile ile kutibu majeruhi wa kundi zina utetezi. Magodoro na mabati yaliyobebwa hadi nyumbani kwa kamanda hayana.

Kwa watoto, shida ni umri. Vyeti vya kuzaliwa huwa vimepotea, na vipimo vya mifupa vina ukingo mpana wa makosa. Katika kesi ya Lubanga majaji walitegemea kwa kiasi kikubwa picha za video zilizoonyesha watoto ambao kwa sura tu walikuwa chini ya miaka 15. Tafuta rekodi za shule, kadi za chanjo na ndugu waliozaliwa kabla na baada yake. Kwamba mtoto alijiunga kwa hiari si utetezi.

Mpiganaji aliyeuawa akipigana hahesabiwi mwathirika wa uhalifu wa kivita. Waasi wanaweza kushtakiwa nyumbani kwa uasi kwa kuua askari vitani, lakini hilo ni jambo la sheria ya nchi. Kuna upande mmoja unaoshangaza wengi: katika kesi ya Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi wa Kongo, majaji wa rufani waliamua Juni 2017 kwamba ubakaji na utumwa wa kingono vinaweza kuwa uhalifu wa kivita hata waathirika wakiwa ndani ya kundi la mshtakiwa mwenyewe.

Kiungo kati ya kosa na vita

Hapa ndipo majarada mazuri huvunjika. Haitoshi kosa kutendeka wakati wa vita na mahali pa vita. Kesi ya Kunarac (2002), ya mahakama ya Yugoslavia ya zamani, inauliza kama kuwepo kwa vita kulichangia kwa kiasi kikubwa uwezo wa mtendaji kutenda, uamuzi wake, namna alivyotenda au lengo lake. Majaji wa mahakama ya Rwanda iliyokuwa Arusha, katika rufani ya Rutaganda ya 2003, walitoa mfano wa mtu anayemuua jirani aliyemchukia miaka mingi kwa kuwa tu polisi wamelemewa na vurugu. Hayo ni mauaji. Uhalifu wa kivita bado.

Kwa kila tukio jibu maswali haya kwa maandishi. Mtendaji alikuwa mpiganaji? Mwathirika alikuwa raia, na alihesabiwa kuwa wa upande wa adui? Tendo lilisaidia lengo la kijeshi la kundi? Lilifanyika katika kazi aliyopewa? Alisema nini wakati akitenda? Swali la mwisho ndilo husahaulika kwenye mahojiano, ingawa tusi moja la kumwita mwathirika msaliti linaweza kubeba kiungo chote. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari mwaka 1998, lakini mashtaka ya uhalifu wa kivita yalimwepuka kwa sababu majaji walitaka awe na uhusiano maalumu na mamlaka ya vita. Mwaka 2001 majaji wa rufani walisema sharti hilo halipo: raia wa kawaida naye anaweza kutenda uhalifu wa kivita.

Mshtakiwa na mahakama

Mshtakiwa hahitaji kujua tafsiri ya kisheria ya vita. Inatosha kwamba alijua hali halisi inayoonyesha vita vipo. Kwa kamanda, ibara ya 28 ya Mkataba wa Roma inataka udhibiti wa kweli juu ya wapiganaji, kujua au kupaswa kujua, na kushindwa kuchukua hatua zinazowezekana. Jean-Pierre Bemba, kiongozi wa kundi lenye silaha la Kongo, aliachiwa Juni 2018 kwenye kipengele hicho cha mwisho. Usiandike tu kwamba hakuchukua hatua. Taja hatua ipi, siku gani, na kwamba ilikuwa ndani ya uwezo wake. Kamanda aliyemchapa askari kwa kuiba betri ya redio ameonyesha kwamba angeweza kumwadhibu kwa ubakaji.

Mahojiano yafanye mara moja, kila shahidi peke yake, na uandike ni nani aliyekuletea shahidi huyo. Watu wa kati waliotumiwa na waendesha mashtaka waliigharimu kesi ya Lubanga mashahidi kadhaa, ambao majaji walikataa kuwategemea.

ICC hushughulikia matendo ya kuanzia tarehe 1 Julai 2002, ya watu waliokuwa na miaka 18 au zaidi, na pale tu nchi husika isipotaka au isipoweza kuendesha kesi yenyewe. Kwa mahakama ya nchi, hakikisha kosa lilikuwepo kisheria siku lilipotendeka. Uganda ilitunga sheria yake ya ICC mwaka 2010, lakini matendo ya Thomas Kwoyelo, kamanda wa waasi wa LRA, yalikuwa ya zamani zaidi, kwa hiyo mashtaka yalisimama juu ya ibara ya 3 ya Geneva na sheria ya kimila ya kimataifa. Alihukumiwa Gulu mwaka 2024, miaka 40.