Kompyuta ndogo ama boksi ya TV? Vile mimi huchagulia wateja hapa Kisumu

Haipiti wiki bila mtu kusimama kwa meza yangu hapa Kondele aniulize, "Fundi, nataka kitu ya kuweka kwa TV, ninunue ile kompyuta ndogo ama boksi?" Mimi namuuliza, kwenu mnaangalia nini? Anashangaa, ni kama nimemuuliza mshahara wake. Lakini jibu lote liko hapo, sio kwa prosesa, sio kwa ramu, ni kwa kile mnaangalia na mkono gani unashika rimoti. Wacha nikupeleke hatua kwa hatua vile mimi hufanya na mteja.

Tuelewane kwanza. Kompyuta ndogo ninayosema hapa ni zile za ofisi za ex-UK, ukubwa wa Biblia hivi, ThinkCentre Tiny, EliteDesk Mini, OptiPlex Micro na ndugu zao. Boksi ni ile ya ukubwa wa kipande cha sabuni, inakuja na rimoti, ndani ni Android.

Hatua ya 1: Angalia TV uko nayo

Wengine wanakuja kununua na hawahitaji kitu. Kama TV yako ni smart na YouTube bado inafunguka vizuri, tatizo lako huenda ni rauta iko chumba ingine na ukuta wa mawe katikati. Nunua waya mrefu wa intaneti uchomeke kwa TV, jaribu wiki moja, alafu ndio urudi kwangu. Najua najinyima biashara, lakini mteja akirudi na hasira ni mbaya zaidi.

Kama TV si smart, ama ni smart ya kitambo ambayo apu zimekataa kuapdeti, hesabu matundu ya HDMI nyuma. Moja ikiwa imeshikwa na dikoda na hakuna ingine, hio utaamua mapema kama utakuwa unachomoa na kuchomeka kila jioni.

Hatua ya 2: Andika mnaangalia nini na inatoka wapi

Chukua karatasi kabisa. Gawanya mara mbili: vitu vinatoka intaneti (YouTube, Netflix, habari za live) na vitu viko mkononi, yaani flashi, hadi diski (hard disk), DVD. Huku kwetu hii ya pili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kuna video ya harusi, kuna video ya mazishi ya mzee masaa sita, kuna series umejaziwa kwa flashi, kuna kwaya ya kanisa.

Intaneti ikiwa ndio nyingi, boksi inaongoza. Vitu vya mkononi vikiwa vingi, kompyuta inaongoza, na inaongoza kwa mbali, juu kompyuta inasoma hadi diski za karibu aina yote, inachukua ile ya kusoma DVD ya kuchomeka kwa USB, na tundu zake za USB ziko na nguvu. Boksi zingine ukichomeka hadi diski inalia tik tik tik na haiwaki, ni stima ya USB haitoshi. Zingine zinawasha lakini zinasema diski haijulikani, ati ufute kila kitu ndio isomeke. Usikubali kufuta! Kuna mtu alipoteza picha za mtoto hivo. Na ile Chromecast yenye Google TV, boksi ndogo ya Google wenyewe, ata haina tundu ya kawaida ya USB, iko na ile moja tu ya kuletea moto.

Hatua ya 3: Pima intaneti

Netflix wenyewe wanasema ya HD kamili unahitaji kasi ya Mbps 5 na ya 4K Mbps 15. Kwa upande wa kula data, HD inakula mpaka GB 3 kwa saa, 4K mpaka GB 7. Sasa piga hesabu, filamu ya masaa mawili kwa HD ni GB 6, kama unatumia bando ya simu kwa hotspot utalia. Mtu wa bando asinisumbue na maswali ya 4K. Huyo nampa kompyuta, anadanlodi YouTube na Netflix kwa simu pale kuna wifi ya bure, na kwa TV anaangalia vitu vyake vya diski.

Hatua ya 4: Nani anashika rimoti

Hapa ndio mimi mwenyewe nilianguka. Mama yangu anakaa Ahero, antena ilikuwa imeangushwa na upepo, nikaona nimfanyie maajabu, nikampelekea kompyuta ndogo yenye Windows, kibodi isiyo na waya, nikamwonyesha vile anabonyeza anapata taarifa ya saa moja live YouTube. Nikarudi Kisumu nikijiona mtoto mzuri. Siku ya nne simu ikalia.

"Baba, hii TV inaniambia nisiizime, na habari zinaanza."

"Mama ngoja kidogo, itamaliza."

"Nimengoja tangu maombi."

Ilikuwa ni Windows inaapdeti. Jumamosi yake nikapanda matatu na boksi mkononi, nikabadilisha, na hajawahi nipigia tena kuhusu TV. Rimoti ya boksi iko na vitu vichache: juu, chini, kati, rudi, nyumbani. Alafu boksi nyingi nzuri zinaongea na TV kupitia hio waya ya HDMI (jina lake la jumla ni CEC), ukiwasha boksi TV inawaka yenyewe na kubadili tundu yenyewe. Kompyuta ndogo nyingi hazina hio kitu kabisa. Kwa hivyo kama kwenu kuna mzee, mtoto, ama mgeni wa mara kwa mara, boksi. Kama ni wewe kijana na unapenda kuchokora setingi usiku, kompyuta itakufurahisha.

Hatua ya 5: Ukiamua boksi, kagua hivi

Hapa nitakaa kidogo juu hapa ndio watu wanaibiwa.

Boksi ziko aina mbili. Kuna zile zenye Android TV ama Google TV ya ukweli, zimeidhinishwa, na kuna zile zimewekwa Android ya tableti alafu zikapambwa sura ya TV. Hizi za pili ndio zimejaa, bei iko chini, na katoni imeandikwa namba kubwa kubwa. Mimi nilinunua moja tauni, katoni imeandikwa ramu 8GB kwa nafasi ya kuhifadhi 128GB, nikasema leo nimeokota. Nikijaza vitu, kufika GB kumi na kidogo imeshiba, haimezi tena. Nikaifungua nikaangalia chipu: ni 2 kwa 16. Ata apu za kupima zilikuwa zinasema 128, juu uongo umeandikwa ndani ya softweya yenyewe. Kwa hivyo usiamini skrini, ukiwa bado dukani beba flashi yenye filamu kubwa kubwa za kama GB 20 ukopi, uone.

Ya pili ni Netflix. Boksi isiyoidhinishwa itakuonyesha Netflix, ndio, lakini picha itakuwa ile ya ukungu, ata kama TV yako ni 4K na unalipia 4K. Sababu ni kufuli ya Google inaitwa Widevine: boksi ikiwa na kiwango cha L3 peke yake inapewa picha ndogo, HD inataka L1, na juu ya hio Netflix wenyewe wawe wameikubali hio boksi. Weka apu ya DRM Info, itakuonyesha ni L1 ama L3. Kitufe chekundu cha Netflix kwa rimoti si ushahidi, kitufe ni plastiki.

Ya tatu ni usalama, na hii si hadithi ya kutisha watoto. Januari 2023 mtaalamu mmoja anaitwa Daniel Milisic alitangaza kwamba boksi ya T95 aliyonunua Amazon ilikuja na virusi ndani kutoka mwanzo. Baadaye watafiti wakagundua ni mtandao mkubwa wakauita BADBOX, na Juni 2025 FBI ya Marekani wakatoa onyo kuhusu toleo la pili, mamilioni ya vifaa, nyingi zikiwa hizi boksi za bei rahisi. Kazi yake ni kubonyeza matangazo kisirisiri na kukodisha laini yako ya intaneti kwa wezi, yaani mtu anafanya uhalifu mbali huko na inaonekana ni kwako Manyatta. Kuriseti haisaidii juu kirusi kiko kwa softweya ya kiwandani. Ile boksi yangu ya uongo? Niliitoa chipu na heatsink, kile chuma cha kupooza chipu, zingine nikatupa.

Kwa hivyo: fungua Play Store, ingia setingi, sehemu ya kuhusu, uone kama kifaa kimeidhinishwa. Boksi ikikwambia uzime Play Protect, ule ulinzi wa Google wa kukagua apu, ndio ifanye kazi, iache hapo hapo kwa kaunta. Na muuzaji akikwambia "hii iko na chaneli zote za mpira bure milele," hio milele huwa ni miezi miwili.

Hatua ya 6: Ukiamua kompyuta, kagua hivi

Soma namba ya prosesa. i5-6500T, hio 6 ya kwanza ni kizazi cha sita, 8500T ni cha nane. T ya mwisho inamaanisha ni ile ya kutumia moto kidogo, Wati 35, unaitaka juu haipigi kelele. Kizazi cha sita kinatosha filamu za 1080p, yaani HD kamili, bila shida. Ukitaka 4K ya kisasa anza kizazi cha saba, hapo ndio Intel waliweka uwezo wa kufungua HEVC na VP9 za biti 10 (njia za kubana video) ndani ya chipu. Chini ya hapo prosesa inapambana peke yake, feni inalia kama posho mill. Netflix 4K kwa kompyuta nayo inataka Windows, brauza ya Edge ama apu yao, na kizazi cha saba kwenda juu, Chrome haikupi 4K.

Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane. Ndio maana hizi za sita na saba bei imeshuka, na kwa kazi ya TV hio ni baraka, utaweka Linux, mfumo wa bure badala ya Windows.

Angalia nyuma. ThinkCentre M900 Tiny nyingi zina DisplayPort (tundu ingine ya picha) bila HDMI, OptiPlex 3050 Micro iko na HDMI. Ukinunua ya DisplayPort, adapta ya bei ya chini itakupa 1080p sawa, lakini ukitaka 4K laini nunua ile imeandikwa "active". Chaja pia, dai ya orijino. SSD, ile diski ya kasi, lazima, ata ya GB 128. Ramu 8GB.

(Raspberry Pi watu huniuliza. Ni nzuri, naipenda, lakini ukishanunua chaja yake, kava na kadi, bei imekaribia ex-UK kamili.)

Hatua ya 7: Kuiweka

Boksi: chomeka, ingia akaunti, weka VLC ama Kodi kwa ajili ya filamu za flashi zinazokosa sauti, umemaliza.

Kompyuta ambayo kazi yake ni filamu za diski: weka LibreELEC, ni Linux ndogo ya kuendesha Kodi tu, ni bure, inawaka moja kwa moja na Kodi, hakuna Windows hakuna drama. Kwa rimoti danlodi Kore kwa simu, ni ya watu wa Kodi wenyewe. Ukitaka brauza pia, weka Linux Mint, ongeza ukubwa wa maandishi mpaka usome ukiwa kwa kochi, ondoa paswedi ya kuingia. YouTube ikikwama kwama kwa mashine ya kitambo, ongeza h264ify kwa brauza, inalazimisha YouTube kutuma video aina ambayo chipu inaijua.

Picha ikikatwa pembeni, tafuta kwa setingi za TV kitu kama "Just Scan" ama "Screen Fit". Hii peke yake imeniletea wateja wengi sana, dakika moja tu.

Alafu ingia BIOS, zile setingi za mashine kabla mfumo wake kuwaka, tafuta mahali pa kurudi kwa stima, mara nyingi imeandikwa "After Power Loss", weka "Power On". Stima ikipotea ikarudi, kompyuta inajiwasha, haungoji mtu ainuke.

Hatua ya 8: Stima na radi

Watu wanaogopa kompyuta ati inakula tokeni. Tupige: kompyuta ndogo ikicheza filamu tuseme Wati 15, masaa 5 kila siku, mwezi ni yuniti 2.25. Boksi ya Wati 5 ni yuniti 0.75. Tofauti ni yuniti moja na nusu, ata ukihesabu shilingi 30 kwa yuniti haifiki hamsini. TV yenyewe inakula kuliko zote mbili.

Hatari ni ile stima inaporudi kwa nguvu, kwa hivyo weka TV guard, na kompyuta usizime kwa soketi, izime kwa programu kwanza. Na mvua ya jioni ya huku, ukiskia ngurumo inatoka upande wa ziwa, chomoa kila kitu kwa ukuta. Waya ya intaneti inayoingia kwa rauta pia. Na antena, hio ndio watu husahau, radi inapitia hapo inaingia TV, inavuka HDMI, inamaliza boksi ambayo ata haikuwa imewashwa.