Kabla ya Kuingia Mwezi wa Kuandika Riwaya

Changamoto ya kuandika riwaya ndani ya mwezi mmoja ilianza Julai 1999 huko San Francisco, Marekani. Chris Baty na wenzake, jumla watu 21, walikubaliana kuandika kwa pamoja. Mwaka uliofuata ikahamishiwa Novemba, na lengo linalojulikana ni maneno 50,000 kwa siku 30. Shirika lililokuwa likiiendesha lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafungwa, ila watu bado wanaandika, na mwezi wowote unafaa. Wengi wanaokwama njiani hawakwami kwa kukosa kipaji. Wanakwama kwa mambo madogo ambayo yangemalizwa wiki mbili kabla.

Anza na hesabu. Ukigawanya 50,000 kwa 30 unapata maneno 1,667 kwa siku, lakini mpango huo hauna nafasi ya kuugua, kusafiri wala kufiwa. Ni afadhali ujipangie maneno 2,000 kwa siku 25, na siku tano zilizobaki ziwe akiba. Kisha jipime. Weka saa ya nusu saa, andika chochote bila kurudi nyuma, halafu hesabu. Ukipata maneno 400, ujue 2,000 yatakula saa mbili na nusu. Sasa tafuta saa hizo zilipo katika siku yako, uzione kabisa: kabla wenzako hawajaamka, au usiku nyumba ikishatulia. Wanaoandika kwa mkono wahesabu maneno ya ukurasa mmoja mara moja tu, kisha wahesabu kurasa.

Hapo kuna jambo ambalo sisi tunaoandika kwa Kiswahili hatuna budi kulifikiria. Lengo la 50,000 liliwekwa na watu wanaoandika Kiingereza. Neno letu moja, "hatukumwambia", wao hulisema kwa maneno matano. Kitenzi chetu kinabeba mtenda, wakati, ukanushi na mtendwa ndani yake. Kwa hiyo maneno 50,000 ya Kiswahili ni hadithi ndefu kuliko idadi hiyohiyo kwa Kiingereza. Ukiamua lengo lako liwe 35,000 au 40,000 hujamdanganya mtu. Ila liamue kabla, uliandike mahali, na usiliguse tena. Anayepunguza lengo katika juma la tatu anakuwa ameshaanza kuacha.

Kitenzi hichohicho ndicho sababu ya kuchagua msimulizi mapema. Ukianza kwa "nilifungua mlango" na siku ya kumi na mbili ukaona hadithi inataka "alifungua mlango", hakuna njia ya mkato. Nafsi imo ndani ya kila kitenzi, na kompyuta haiwezi kubadilisha kila "ni" kuwa "a" bila kuharibu maneno mengine. Andika ukurasa mmoja kwa nafsi ya kwanza, uuandike tena kwa nafsi ya tatu, usome yote mawili kwa sauti. Utasikia upi unakwenda. Amua pia kama utasimulia kwa -li- au kwa -na-.

Kuhusu msuko, sidhani kila mtu anahitaji muhtasari wa sura kwa sura. Wengine huandika vizuri bila kujua mwisho. Lakini mhusika mkuu lazima umjue, na kumjua si kuandika kwamba ni jasiri na ana huruma. Sifa kama hizo hazikupi hata tukio moja. Andika hivi: ameficha barua chini ya godoro kwa miaka sita, na dada yake ndiye anayetandika kitanda hicho. Tayari una maswali. Barua ilitoka kwa nani? Dada ameshaisoma na ananyamaza? Itakuwaje siku godoro likitolewa nje kuanikwa? Kila swali ni sura. Kusanya maswali kama hayo kumi au kumi na tano, yaandike kwenye karatasi ya pembeni, usiyajibu. Hiyo ndiyo akiba yako ya juma la pili, maana hapo ndipo hamu ya mwanzo huwa imepoa na mwisho bado hauonekani. Orodhesha pia majina ya wahusika wadogo, ishirini hivi. Kutafuta jina la mlinzi wa geti katikati ya sentensi kunaweza kukupotezea jioni nzima.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Zima kisahihishi cha maneno kisichojua Kiswahili, kile kinachogeuza "kama" kuwa "karma" na kupiga mistari myekundu kila mahali. Lakini suala la nakala lishike kwa mikono miwili. Mimi nilipoteza maneno 18,000 kompyuta ilipozimika isiwake tena, na yote yalikuwa humo tu. Niliyoandika baadaye kuziba pengo hayakuwa yaleyale, na hadi leo kuna mazungumzo ya mama na mwana ninayakumbuka nusunusu. Jitumie faili kwa barua pepe kila usiku kabla ya kulala. Wa daftari wapige picha kurasa za siku hiyo.

Mwisho, sema na watu unaoishi nao. Usiwaambie tu kwamba utakuwa na kazi. Waambie saa, na waambie tarehe utakayomaliza. Muombe mmoja wao akuulize kila jioni umefikia maneno mangapi. Asiombe kusoma, aulize namba tu. Rasimu bado mbichi, na neno moja la mtu unayempenda, hata la sifa, linaweza kukufanya uanze kurekebisha sura ya kwanza wakati ya nane inakungoja.