Jinsi ya kurina asali kwenye mzinga wa viunzi vya juu bila kuiharibu na bila kuwafukuza nyuki

Asali iliyoiva hutoka mzingani ikiwa imekamilika. Nyuki wamekwisha kuipunguza maji, kuitia vimeng'enya vyao na kuifunika kwa nta, na kazi inayombakia mrinaji ni kuihamisha kutoka kwenye sega hadi kwenye chombo bila kuiongezea maji, moshi wala uchafu. Maelezo haya yamekusudiwa kwa mfugaji wa nyuki katika misitu ya miombo ya Tabora, Katavi au Singida ambaye tayari ana mzinga wa mbao wenye viunzi vya juu, yaani vipande vya mbao vilivyopangwa juu ya mzinga ambavyo nyuki huning'iniza masega yao, umekwisha kuingiwa na nyuki, na sasa anajiuliza aufungue lini na vipi. Anayetumia mizinga ya magogo atafaidika zaidi na sehemu ya uchujaji na uhifadhi.

Jambo la kwanza ni majira. Katika miombo hiyo mavuno makubwa huja baada ya masika, mara nyingi kati ya Mei na Julai, na mengine madogo huweza kufuata maua yanayochanua kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Kalenda, hata hivyo, haitoshi kuamua siku ya kurina, kwa kuwa mvua ikichelewa maua nayo huchelewa, na kinachopaswa kuangaliwa ni sega lenyewe. Mbochi, yaani utamu wa maua unaoletwa na nyuki, huwa na maji mengi, ambayo huyapunguza kwa kupepea mabawa usiku na mchana hadi yawe chini ya asilimia 20, ndipo huziba vijumba kwa nta. Asilimia hiyo 20 ndiyo pia kikomo cha Codex, kiwango cha kimataifa cha vyakula, kwa asali ya kawaida, na sababu yake ni ya kimaumbile: maji yakizidi hapo, hamira za asili zilizomo ndani ya asali huanza kufanya kazi, asali hutoa povu, hunuka pombe na kuchacha. Kwa hiyo sega lisikatwe kabla ya angalau robo tatu ya vijumba vyake kuzibwa. Ukiwa na shaka, toa mtikiso mmoja wa ghafla kwenye vijumba visivyozibwa. Matone yakiruka, hiyo bado ni mbochi, na sega lirudishwe mahali pake.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: vazi la rangi nyeupe au hafifu lenye wavu wa usoni, glovu, viatu virefu, bomba la moshi, kisu chembamba, brashi laini au unyoya mkubwa wa kuku, na ndoo mbili safi, kavu, zenye mifuniko. Nguo nyeusi au za manyoya ziachwe nyumbani, kwa kuwa nyuki wa Afrika hushambulia kwa wepesi zaidi vitu vyeusi. Kuni za bomba ziwe majani makavu, vipande vya miti iliyooza au kitambaa cha pamba. Mpira, plastiki na chochote chenye mafuta ya taa huacha harufu ambayo haitoki tena kwenye asali. Nenda na mwenzako, funga mbwa na mbuzi mbali, na wajulishe majirani. Wakati unaofaa ni jioni jua likianza kuzama, hewa ikiwa imepoa. Giza likiwakuta, tumieni tochi yenye mwanga mwekundu, kwa sababu jicho la nyuki halioni rangi hiyo.

Pulizia moshi mlangoni mara tatu au nne, kisha subiri dakika mbili kabla ya kugusa mfuniko. Wengi huruka hatua hii ya kusubiri, na ndiyo maana huumwa. Moshi hufanya kazi mbili: hufunika harufu ya tahadhari ambayo nyuki walinzi huitoa kuwaita wenzao, na huwafanya nyuki wajaze matumbo asali kama wanaojiandaa kuhama, hali inayowapunguzia ukali. Moshi mwingi kupita kiasi hauwatulizi zaidi, na asali iliyo wazi hunyonya harufu yake. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotetea mwenge wa moto kwa hoja kwamba ndivyo wazee walivyorina: mwenge huua nyuki wengi, hutia majivu kwenye masega, na kila kiangazi huacha hatari ya moto msituni ambao huunguza maua yale yale ambayo nyuki wanayategemea.

Anza upande ulio mbali na mlango, kwa kuwa kwa kawaida malkia hutaga karibu na mlango na asali huwekwa nyuma. Gonga viunzi taratibu. Kinachotoa sauti nzito kina sega. Toa kwanza viunzi vitupu ili upate nafasi, kisha achanisha kiunzi chenye sega kwa kisu na kukiinua wima. Kukiinua wima ni lazima, kwani sega la mzinga huu halina fremu wala waya wa kulishikilia, na ukililaza ubavu uzito wa asali hulivunja palepale. Litazame pande zote mbili. Likiwa limezibwa vizuri na halina majana (watoto wa nyuki) wala chavua nyingi, futa nyuki warudi mzingani na ulikate juu ya ndoo, ukibakiza ukanda wa sentimita moja au mbili kwenye kiunzi. Ukanda huo huwaongoza nyuki kujenga upya kwa unyofu. Bila huo, msimu ujao unaweza kukuta masega yamepita kutoka kiunzi kimoja hadi kingine na mzinga hauinuliki. Masega meupe yaliyozibwa yote yawekwe kwenye ndoo ya kwanza, na yale meusi au yenye chavua kwenye ya pili. Funika ndoo baada ya kila sega.

Ukifika kwenye sega la kwanza lenye majana, simama. Kuanzia hapo ni makazi, na kuyakata ni kupoteza kizazi kizima cha nyuki vibarua ambao huchukua karibu wiki tatu tangu yai hadi kutoka kijumbani. Mbali na masega ya majana, acha pia masega kadhaa ya asali, hasa kama kiangazi kirefu kiko mbele. Nyuki wetu hawavumilii njaa wala bughudha kama wale wa Ulaya. Wakiona akiba imekwisha huhama wote, na mzinga mtupu hukaliwa na nondo wa nta ndani ya muda mfupi. Mfugaji anayeacha kilo chache mzingani mwezi wa saba hulipwa kwa kundi kubwa maua yanaporudi. Nyuki akikuuma, kwangua mwiba mara moja kwa ukucha au kisu, kwa kuwa kifuko chake huendelea kusukuma sumu, kisha pulizia moshi mahali hapo ili kufunika harufu. Anayevimba koo, kukosa pumzi au kuishiwa nguvu baada ya kuumwa apelekwe hospitali bila kungoja.

Uchujaji ufanyike usiku huohuo au asubuhi, asali ikiwa bado laini, ndani ya chumba kilichofungwa, la sivyo nyuki wa jirani watakuja kuiba. Katakata masega ya ndoo ya kwanza, yaweke kwenye kitambaa cha wavu kilichofungwa juu ya ndoo, na uache asali ishuke yenyewe. Inayotoka kwa kukamuliwa baadaye iwekwe peke yake, maana huwa na vipande vya chavua na bei yake ni ya chini. Hakuna sababu ya kuichemsha. Ikiwa nzito mno, weka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, kwa kuwa joto kali huua vimeng'enya na kuzalisha kemikali ambayo maabara huipima na kuitumia kuikataa asali. Baada ya kuchuja, iache itulie siku mbili au tatu, kisha engua povu na mabaki ya nta yaliyopanda juu.

Hifadhi kwenye vyombo vya plastiki vilivyotengenezwa kwa chakula, vya kioo au vya chuma kisichoshika kutu. Asali ni tindikali, hivyo bati hulika na kuitia ladha ya chuma. Ndoo ya rangi ya ukutani, hata ikioshwa mara kumi, isitumike. Mfuniko ubane, kwani asali hunyonya unyevu wa hewa. Uzani nao ujulikane: lita moja ina takribani kilo 1.4, na ndoo ya lita 20 hubeba kama kilo 28, hivyo anayeuza ndoo kwa bei ya kilo 20 anagawa kilo nane bure. Mteja akilalamika kwamba asali imeganda, mweleze kuwa kuganda ni tabia yake ya kawaida; majaribio ya kiberiti, ya sisimizi na ya tone kwenye maji, ambayo watu huyatumia kutambua asali halisi, hayathibitishi lolote. Kwenye lebo andika kwamba asali haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wake bado hauwezi kuzidhibiti.

Makapi yaliyobaki yaoshwe kwa maji safi. Maji hayo matamu hununuliwa na wapika wanzuki. Nta iyeyushwe ndani ya maji kwenye sufuria ya alumini, ichujwe kwa gunia ikiwa moto, kisha ifunikwe ipoe polepole hadi kesho yake, ndipo uchafu ulioshikamana chini ya bonge ukwanguliwe kwa kisu.