Kamera Nne, Kebo Moja: Namna ya Kuziunganisha Zisizimike Usiku

Kamera nne ziko upande mmoja wa jengo, rekoda iko upande wa pili, na bomba la katikati lina nafasi ya kebo moja tu. Hakuna haja ya kuvunja ukuta. Kebo moja ya mtandao, aina ya Cat5e au Cat6, inabeba picha za kamera nne, hata nane, bila taabu. Kinachowakwamisha mafundi wengi ni umeme, na hukwama saa ambayo kamera inahitajika zaidi, yaani giza likishaingia.

Upande wa data hesabu ni fupi. Kamera ya megapikseli 4 inayobana picha kwa mbinu ya H.265 hutumia takriban megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde, kwa ile ya zamani ya H.264 huwa 4 hadi 8. Chukua 8 ili uwe salama: kamera nne ni megabiti 32, na hata swichi (kisanduku cha kuunganisha vifaa vya mtandao) ya kizamani ya megabiti 100 inazimudu. Ila soma kikomo cha data inayoingia kwenye rekoda yenyewe, kwani rekoda ndogo huweza kujaa kabla ya kebo.

Sasa, usinunue kile kigawanyi cha bei ya chini chenye umbo la Y, kinachoingiza kichwa kimoja na kutoa matundu mawili. Vingi ndani yake vimeunganisha pini zote nane sambamba, kwa hiyo kamera mbili zinapiga kelele kwenye waya uleule na hakuna inayosikika. Kuna aina nyingine inayofanya kazi, lakini hiyo huwekwa jozi, kimoja kila mwisho wa kebo: kamera ya kwanza inapita kwenye pini 1, 2, 3 na 6, ya pili inapita kwenye 4, 5, 7 na 8. Unapata kamera mbili tu, kila moja kwa megabiti 100, na upande wa rekoda unahitaji matundu mawili ya swichi. Umeme wa PoE, yaani ule unaosafiri kwenye kebo hiyohiyo ya mtandao, nao lazima upite kwenye jozi zilezile za waya za data. Swichi nyingi za PoE hufanya hivyo. Adapta nyingi za PoE zinazosimama peke yake hupitisha umeme kwenye pini 4, 5, 7 na 8, na hapo kamera haitawaka ng'o.

Kwa kamera zaidi ya mbili, weka swichi mwisho wa kebo. Kama kule kwenye kamera kuna soketi ya umeme, kazi ni nyepesi: swichi ya PoE yenye matundu manne ya kamera na moja la kurudi kwenye rekoda, ndani ya boksi lisilopitisha maji, basi. Umbali unahesabiwa upya kila unapopita swichi: mita 100 kutoka rekoda hadi swichi, na mita 100 nyingine kutoka swichi hadi kila kamera.

Soketi isipokuwepo, tumia swichi ndogo inayojiendesha kwa umeme wa PoE unaokuja na kebo hiyohiyo na kuugawa kwa kamera. Hapa ndipo kalamu na karatasi vinahitajika. Viwango vya PoE ni hivi: 802.3af hutoa wati 15.4 kwenye swichi kuu, ile ya upande wa rekoda, na huhakikisha wati 12.95 mwisho wa mita 100, 802.3at hutoa 30 na kufikisha 25.5, 802.3bt ya aina ya 3 hutoa 60 na kufikisha 51. Kinachopungua hapo kati ni joto linalopotea kwenye waya.

Chukua mfano wa 802.3at. Zinafika wati 25.5. Swichi ndogo yenyewe, tuseme, inakula 4, zinabaki 21.5. Kamera ya kawaida isiyozunguka inaweza kula wati 3 mchana, na taa zake za infraredi zikiwaka usiku ikafika 6 au 7. Kamera nne mchana ni wati 12, na kila kitu kinaonekana sawa. Usiku ni wati 28. Swichi inazidiwa, inakata tundu moja au inazimika yote, infraredi zinazimika, mzigo unashuka, inawaka tena, infraredi zinawaka, inazidiwa tena. Ukiona kamera zinapotea na kurudi kila baada ya dakika moja kuanzia jioni, usihangaike na programu ya rekoda. Tatizo ni hili. Kwa mfano huu, kamera tatu za wati 7 zinabanana mno. Mbili zinakaa vizuri. Ukitaka nne, chukua swichi kuu na swichi ndogo zote za 802.3bt. Ile kamera inayozunguka na kuvuta karibu huweza kula zaidi ya wati 20 peke yake, kwa hiyo ipe kebo yake.

Mtego mwingine: baadhi ya swichi hutenga umeme kwa daraja la PoE ambalo kamera hujitambulisha nalo, si kwa kile inachokula. Kamera ya daraja la 0 au la 3 hutengewa wati 15.4 hata kama inatumia 5. Na usichanganye wati za tundu moja na jumla ya swichi nzima. Swichi ya matundu manane yenye jumla ya wati 60 haiwezi kutoa 15.4 kwa yote manane.

Kebo iwe ya shaba tupu. Ile ya alumini iliyopakwa shaba ina ukinzani mkubwa zaidi, inapoteza volti njiani na haifai kwa PoE. Kwaruza waya kwa wembe: ukiona weupe ndani, irudishe dukani. Vichwa vya pande zote mbili vifuate mpangilio uleule wa T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Sehemu inayopigwa jua iwe na ganda jeusi la nje. Kama kebo inavuka kutoka jengo moja hadi jingine, faiba ni bora, kwa sababu haipitishi radi wala tofauti ya volti kati ya ethi za majengo hayo.

Swichi nyingine zina kitufe cha kurefusha umbali hadi mita 250. Kinashusha tundu hadi megabiti 10, na kwenye kebo inayobeba kamera nne hizo 10 zinagawanywa kwa wote. Usikiwashe.

Upande wa rekoda, chomeka kebo kwenye swichi iliyounganishwa na tundu la mtandao la rekoda. Matundu ya PoE yaliyo nyuma ya rekoda mara nyingi yako kwenye mtandao wake wa ndani na yanatarajia kamera moja kwa kila tundu. Ukichomeka swichi hapo, huenda ikaonekana kamera moja tu hadi uziongeze nyingine kwa mkono.

Washa kamera moja moja. Kamera mpya za kampuni moja huweza kutoka na anwani ileile, kwa mfano 192.168.1.64 kwa Hikvision au 192.168.1.108 kwa Dahua, na zikiwashwa pamoja zinagombana. Ipe ya kwanza anwani yake ya kudumu, iandike kwenye kibandiko, kisha uende kwenye ya pili.

Kabla ya kufunga boksi, fanya jaribio la usiku mchana. Lazimisha kamera zote ziingie hali ya usiku kupitia mipangilio yake, hakikisha infraredi zinawaka zote kwa pamoja, na uziache hivyo nusu saa. Kama swichi kuu inaonyesha wati za kila tundu, soma la kebo hii: kwenye 802.3at, ukikuta 28 au 29 kati ya 30, punguza kamera moja sasa hivi, kabla hujapanda ngazi tena saa mbili usiku.